Nyimbo Zangu Zote ni za Kuondoka

Mwanangu Salma,

Barua za kwetu huanza na "mimi huku mzima, hofu ni kwako uliye mbali." Sasa mimi mzima kweli, ukiacha hili goti, lakini wewe mbali hujafika. Uko chumba cha pili. Nakusikia unagombana na zipu ya sanduku, na mama yako amelikalia ili lifunge, anakwambia, "Vuta, Salma, vuta! Mimi siwezi kuongeza uzito ghafla kwa ajili yako." Jua la jioni bado limo kwenye dirisha la jikoni. Nimewaambia napika wali. Wali uko motoni, mimi niko mezani na kalamu, kwa hiyo leo mtakula ukoko. Mnisamehe mapema.

Naandika kwa sababu tukikaa uso kwa uso nitaanza kujisifu, wewe utaanza kuzungusha macho, na saa ya kuondoka itatukuta bado tuko bandari ya Hamburg mwaka ambao wewe hujazaliwa. Unanijua. Na naandika Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu cha kuandika ni aibu ya ukoo. Usiisome kimya. Ukiisoma kimya utasema maneno mengine huyajui. Isome kwa sauti, utajikuta unanisikia, na kunisikia umezoea, hata zile siku unazojifanya umelala kwenye gari.

Mambo ya soksi, dawa za tumbo na nakala ya pasipoti mama yako kashayamaliza. Yule kazi yake ni kuhudumia wazee, mtu akipita mikononi mwake anatoka amenyooshwa kama shuka. Mimi la kuongeza hapo sina. Nina jambo moja tu, na nitalifikia, ila mimi siendi moja kwa moja, nazunguka kama Beltway, ile barabara inayouzunguka mji wote.

Umesema unakwenda kufundisha Kiingereza kaskazini ya Japani, mwaka mmoja. Vizuri. Juzi nikakusikia kwenye simu na rafiki yako Keiko, unamwambia mwaka mmoja, labda zaidi. Ulisema kwa Kiingereza, lakini labda ni labda, hata uivalishe kofia ya lugha gani. Hiyo labda ndiyo iliyonikalisha hapa wali unaungua.

Wenzako walikuwa na baba wa taarabu, baba wa kwaya, baba wa rumba. Wewe ulipewa mimi. Tangu unakaa kiti cha nyuma na miguu haifiki chini, unasikia Kijapani. Gari la Kijapani, kanda ya Kijapani, dereva wa Tanga! Watu wa pale ghalani Landover, ninapoendesha ile mashine ya kunyanyulia mizigo, wananiita Profesa kwa sababu ya nyimbo hizo. Wanatania, lakini mimi nimeupokea uprofesa wangu na sijaurudisha.

Nilizipata bandari ya Kobe, huko huko Japani, hilo unalijua, nimekwambia mara ambazo wewe mwenyewe umechoka kuzihesabu. Meli yetu ikitia nanga, mimi msaidizi wa mpishi, kijana, kiuno chembamba (usicheke, kilikuwepo), tulikuwa tunakwenda kichochoro kimoja nyuma ya bandari. Baa ndogo, watu sita wakiingia wa saba anakaa nje. Mimi nilikuwa nakunywa soda, usinitazame hivyo. Kulikuwa na mzee mwenye gitaa anayepita baa hadi baa, unamtajia wimbo naye anaupiga, na watu wote wanapiga makofi wanaimba. Nikawa najifunza kwa sikio, neno baada ya neno, kama kasuku. Siku ya kung'oa nanga niliona jambo ambalo sijaliona bandari nyingine. Watu wa melini wanashika ncha moja ya utepe wa karatasi, watu wa gatini wanashika ncha nyingine, nyekundu, njano, kijani, mamia, na meli ikisogea tepe zinanyooka, zinanyooka. Nilisema moyoni, hawa watu wanajua sherehe!

Ulipokuwa darasa la tatu hivi, ukaniuliza, "Baba, huyu anaimba nini?" Nikakujibu bila kupepesa jicho: anamsifu samaki. Ukauliza na huyu mwingine? Huyu naye, nikasema, anamsifu mama wa kupika huyo samaki. Ukanyamaza. Mimi nikadhani umeridhika. Kumbe mtoto akinyamaza hivyo ameweka alama mahali, kama mtu anayekunja ukurasa.

Basi ukaenda chuo pale Annandale, na katika masomo yote ya dunia ukachagua Kijapani. Mimi nikawatangazia watu msikitini, ghalani, mpaka kinyozi: damu yangu hiyo! Sikukuuliza kwa nini. Nilikuwa nimeshajijibu.

Zile jioni za Ijumaa, nikija kukuchukua kwenye klabu yenu ya Kijapani pale chuoni. Najua uliniomba nikungojee garini. Lakini baridi ile, na mle ndani kuna chai, na vijana wamekaa duara wanacheza na majina ya nyimbo. Mtu anataja jina la wimbo, anayefuata lazima ataje wimbo unaoanzia pale wa kwanza ulipoishia. Mmoja kasema Minato no Neko, paka wa bandarini, imeishia ko, haya, tafuta wimbo wa ko. Ukitaja jina linaloishia na n umekufa, kwa sababu hakuna neno lao linaloanza hivyo. Nilisimama mlangoni na koti langu la ghalani, nikasikia, na moyo ukaniruka. Mchezo huu umekatwa kwa kipimo chetu! Maneno yao yanaishia kama yetu, mdomo wazi. Nikapiga hodi nikiwa tayari nimeshakaa.

"Kobe no Kutsushita!" nikasema. Soksi za Kobe. Hawakuujua. Vijana wale walikuwa wanajua nyimbo za mwaka jana na mwaka juzi, mimi nyimbo zangu zilikuwa na umri wa wazazi wao. Wakamtazama mwalimu wao. Mwalimu akafikiri, akainamisha kichwa, akasema upo, mama yake alikuwa akiuimba. Weh! Nilitembea urefu wa chumba kile kama nimefunga goli. Wewe ulikuwa umejificha nyuma ya kikombe. Njiani ukaniambia kwa hicho Kiingereza chako cha puani, "Baba, wiki ijayo uje, lakini usiimbe. Taja jina tu. Tafadhali."

Nikaja. Nikaimba. Na ukazoea, usikatae. Mchezo ukahamia garini, kila Ijumaa kutoka Annandale mpaka nyumbani, na lile daraja la mto Potomac likifunguliwa kupitisha mashua ya tajiri mmoja, magari yote yamesimama, mimi niliyepita chini ya madaraja ya dunia nimezuiwa na kitu chenye tanga la shuka, sisi tunaendelea. Nikibanwa na ile n nilikuwa naiongezea i, nakwambia sisi kwetu neno halitoki nyumbani bila mkia, na wewe unapiga dashibodi, "Wizi! Wizi!" Hayo ndiyo maneno ya Kiswahili uliyokuwa unayatamka vizuri kuliko yote.

Halafu kule klabuni mkaanza kutengeneza kanda. Kanda ya mvua, nyimbo za mvua tupu. Kanda ya treni. Kanda ya vyakula, ile niliyoipenda. Kila kanda na jambo lake, na kila wimbo umeshikana mkono na mwenzake, mwisho wa jina hili ndio mwanzo wa lile. Nikaona wivu. Nikajiambia, Athumani, na wewe una sanduku la kanda chini ya kitanda, unangoja nini?

Sasa tunafika harusi ya Keiko. Vuta pumzi.

Unakumbuka ukumbi ule, chini ya kanisa pale Annandale, maputo meupe, bibi yake Keiko kaja kutoka Japani kwa ajili ya siku ile, mdogo, mgongo umenyooka kama rula. Wewe ulikuwa chumba cha nyuma unamshikia Keiko gauni. Mimi nilikuwa nimetengeneza kanda yangu, jambo lake: furaha. Nyimbo zangu za Kobe, zile za kupigiwa makofi, nimezipanga zimeshikana mikono, nimekesha nazo. Nikampa kijana wa mziki. Nikamwambia, "Mwanangu, weka hii wakati wa kula. Utanishukuru."

Ukaanza wimbo wa kwanza. Mimi nikapiga makofi. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Makofi ni yangu peke yangu. Shangazi zake Keiko wameshika vijiti hewani, tambi zinaning'inia. Baba yake Keiko anaikodolea macho meza. Nikadhani sauti ndogo, nikamwonyesha kijana ishara, ongeza. Akaongeza! Wimbo wa pili, kimya zaidi. Ndipo ukatoka mbio kule nyuma na pini mdomoni, ukanishika mkono wa koti.

"Baba, zima."

"Kwani vipi? Watu wa Kobe walikuwa wanapiga makofi."

"Baba. Wa kwanza ni wa mwanamke, utepe wake umekatika mumewe akiwa melini. Wa pili wameachana stesheni. Zima!"

Mikono yangu ya kupiga makofi, Salma, nikaificha mfukoni. Kumbe kwao harusini kuna maneno hayatajwi. Kukatika hakutajwi. Kuachana hakutajwi. Nami nimeyapiga kwa spika mbili, kwa sauti niliyoomba iongezwe.

Aliyeniokoa ni yule bibi. Akainuka, taratibu, ukumbi mzima unamtazama, akanijia. Nikajua nachapwa. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika meza yetu, akasema maneno mengi, nawe ukanitafsiria, na sauti yako ilikuwa inatetemeka sijui kwa hasira au kwa kicheko: "Anauliza uliishi bandari gani. Anasema alidhani nyimbo hizi zimekufa. Anauliza, katika zote hizi, huna hata mmoja wa mtu anayerudi?"

Nikafikiri. Nikapitia sanduku zima kichwani. Nikasema sina.

Bibi akanipiga kikofi begani. "Anasema, afadhali," ukanitafsiria. "Hata kurudi hakutajwi harusini. Bibi harusi akirudi, maana yake anarudi kwao, ndoa imekufa." Akacheka tena, akaenda kumwambia kijana aweke vitu vyake vya kisasa, na watu wakameza tambi zao.

Tukaingia garini kurudi nyumbani. Daraja likafunguka, tukasimama. Nikasubiri unigombeze. Badala yake ukasema, unatazama majini, "Mimi nilizijua tangu mwaka jana zinasema nini."

"Na hukuniambia?"

"Ulikuwa unaziimba kwa raha sana, Baba."

Mama yako huwa anasema mimi sinyamazi hata kwa daktari wa meno. Pale nilizima redio nikusikilize. Kisha nikakuuliza, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yako nakuuliza kitu nisichokijua bila kujifanya nakijua: "Kwa hiyo ulikwenda kujifunza Kijapani kwa sababu gani hasa?"

Ukasema, "Kwa sababu ya samaki. Nilitaka kujua kama kweli anamsifu samaki."

Daraja likajifunga, magari yakaanza kupiga honi nyuma yetu, na mimi sikumbuki kama nilitia gia. Nilikwambia, basi nianzie wa kwanza, uniambie unasema nini, usiruke. Ukaniambia mpaka nyumbani. Tukakaa kwenye maegesho, injini imezimwa, vioo vimeingia ukungu, wimbo baada ya wimbo, mpaka mama yako akashuka na kandambili. "Nyinyi wawili mko sawa? Wali umekuwa jiwe! Athumani, wacha huyo mtoto aingie ndani!"

Nakurudisha huko kwa sababu ndiko nilikojifunza kitu kimoja cha maana, na nimekipata ukubwani, nywele zimeanza kwenda zake. Mimi nimezunguka dunia nikibeba nyimbo nisizojua zinasema nini, na ilikuwa kazi ya kuuliza tu. Yule mzee wa gitaa alikuwa anaelewa Kiingereza kidogo. Mama mwenye baa pia. Ningesema tu, "Mama, hapa mnalia nini?" Sikusema, kwa sababu Athumani hakuwahi kuwa mtu wa kuuliza, alikuwa mtu wa kujua. Zile tepe za karatasi nilizoziita sherehe, kumbe kila mtu pale gatini alikuwa anangoja upande wake ukatike. Nilisimama katikati yao nacheka, mwanangu. Wakanivumilia.

Na wewe nilikufanyia hivyo hivyo. Nilikuwa naimba maisha yako kwa watu, damu yangu, kipaji changu, bila kukuuliza yanasema nini. Sitaki kulifanya hili kuwa hotuba, huku jikoni kunanuka. Nasema tu kwamba huko uendako utakuta watu wanapiga makofi, nawe utapiga nao, ni adabu. Lakini wakimaliza, vuta mmoja pembeni umuulize. Watakuona mjinga kwa dakika mbili. Mimi niliogopa dakika hizo mbili nikapata miaka thelathini.

Sasa swali la yule bibi halijaniacha. Nipo ghalani juu ya mashine, linakuja. Naoga, linakuja. Kwa nini sina wimbo hata mmoja wa mtu anayerudi? Mwanzoni nilidhani watu wa Kobe hawana. Haiwezekani, mji wa bandari, meli zinatoka, meli zinaingia. Halafu nikaona, hebu subiri. Mimi nilikuwa mgeni wa melini. Wimbo anaopigiwa baharia na mzee wa gitaa ni wa kumuaga. Wa kurudi labda hauimbwi baa. Labda unaimbwa nyumbani, mlango umefungwa, kuna mtu anavua viatu na mwingine anapasha supu. Mimi sikuwahi kuingia nyumba ya mtu Japani, nilijua kichochoro tu. Wewe utaingia. Wewe wanakukodishia chumba, utakuwa na majirani, utavua viatu mlangoni. Nina hamu ya kujua mpaka naona aibu: wanaimba nini, mtu wao akirudi?

Ndani ya begi lako la mkononi, chini ya zile karanga, nimeweka kanda. Upande wa kwanza umejaa. Ni zangu zote za Kobe, safari hii najua kila mmoja unasema nini, na nimezishikanisha mikono vizuri, hakuna wizi, hakuna mkia ulioongezwa. Upande wa pili hauna kitu. Usidhani nimeishiwa, mimi siishiwi. Huo ni wako. Wimbo wangu wa mwisho ni ule Tabakoya no Kasa, mwavuli wa duka la tumbaku, umeishia sa. Kwa hiyo zamu yako inaanzia sa, na jambo la upande huo ni kurudi. Uliza watu. Mwulize jirani, mwulize mwalimu mkuu, uwaulize watoto utakaowafundisha bibi zao wanaimba nini jikoni. Jaza taratibu. Kama mwaka mmoja hautoshi, basi hautoshi, sitakupigia simu kukuhesabia miezi. Nimeshamwambia mama yako naye asikuhesabie, akasema yeye atahesabu kimoyomoyo.

Ila usiniletee kwa posta. Na usiniimbie kwenye simu, laini zile zinakwaruza. Nataka niusikie upande wa pili kwenye gari letu, wewe umekaa kushoto, kwenye usukani, maana goti langu kufikia hapo litakuwa limestaafu, mimi nimekaa kiti cha abiria, na daraja limefunguka, na huyo tajiri na mashua yake achukue muda wote anaoutaka. Unanitafsiria, usiruke.

Kesho uwanja wa ndege sitaimba. Umeniomba mara mbili leo, nimesikia. Nitasimama pembeni ya mama yako, nimevaa lile koti zuri, kimya kama mtu aliyemaliza shule. Huko hawana tepe za karatasi, kuna kioo na walinzi. Lakini ndani ya kanda mna utepe, kahawia, mwembamba, mrefu kupita urefu wa meli yoyote niliyopanda. Shika ncha hiyo. Hii ya huku nimeishika mimi.

Na kwa kuwa wewe si bibi harusi, neno ambalo yule bibi alilikataza, kwako halina mwiko. Nimeliacha mpaka hapa makusudi, kwa sababu nikilisema kwa mdomo nitalifanyia mzaha.

Rudi.

Mama yako anauliza nini kinanuka. Acha nikajitetee.

Ni mimi baba yako, Athumani, Profesa wa Landover, ambaye hajawahi kushindwa mchezo huu na yuko tayari kushindwa mara moja.